Mashaallah Iliyomezwa

Mardhiya ndiye aliyemleta Kalpana kiwandani. Hilo tulijue mapema, maana baadaye yeye mwenyewe alilikumbuka kila siku, na kila alipolikumbuka lilimchoma upya.

Walikutana kituo cha basi cha Neasden, Januari, upepo ukivuma mpaka mtu anashika kofia kwa mikono miwili. Mwanamke wa Kihindi aliyevaa sari chini ya koti la kiume alikuwa akipigana na nguo yake isifunuke. Mara akafoka kwa Kiswahili cha Mombasa: "Upepo gani huu usiokuwa na haya!" Mardhiya, mtu wa Unguja aliyekimbia na mumewe Abdulsamad baada ya Mapinduzi, hakuwa amesikia Kiswahili cha mtu baki barabarani tangu afike Landani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Basi likaja, likaondoka, wao wamesimama palepale wanaulizana mitaa.

Kalpana alikuwa amekuja na mume na mama mkwe katika zile mbio za mwaka sitini na nane, Waasia wa Kenya wenye pasi za Kiingereza walipokuwa wakiwahi ndege kabla Uingereza haijawafungia mlango. Alikuwa akifungasha biskuti na hakuipenda kazi hiyo.

"Njoo kwetu," Mardhiya akamwambia. "Wanataka wanawake wenye mikono mitulivu. Mimi nitakusemea."

Akamsemea. Laiti angenyamaza!

Kiwanda chenyewe kilikuwa jengo la matofali mekundu kando ya barabara kuu ya North Circular, na mtu aliyepita nje angedhani wanatengeneza betri. Walikuwa wakitengeneza chipu za vyombo vya umeme, kitu kipya wakati ule, ambacho hata waliokitengeneza walikihangaikia kama mgonjwa. Kazi ilianza na visahani vya silikoni, kila kimoja kadiri ya kifuniko cha chupa ya jamu, vinang'aa mtu anaweza kujitazama. Vilitiwa katika tanuri refu la bomba la kioo mpaka vikaota utando mwembamba usioonekana kwa jicho. Kisha vikapelekwa chumba cha taa za manjano, vikapakwa dawa, vikapigwa mwanga kupitia picha ya michoro, vikaoshwa kwa asidi iliyokula pale ilipoagizwa kula, na vikarudi tena tanurini. Mara kadhaa hivyo hivyo, mpaka kila kisahani kikawa na chipu kwa mamia, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele.

Matanuri yalikuwa mawili, ubavu kwa ubavu. La kushoto la Mardhiya, la kulia likapewa Kalpana. Kazi yao ilikuwa kuvipanga visahani kwa koleo katika kitoroli cha kioo ambacho Waingereza walikiita boti, kisha kuisukuma boti ile ndani ya joto kwa fimbo ya kioo. Ukiisukuma kwa pupa, visahani vinapasuka. Ukizembea, utando unaota mnene upande mmoja. Mardhiya alijifunza mwendo ule kwa taabu, alivunja vingi, alilia chooni, na mwisho akawa ndiye mkono bora wa kiwanda. Injinia wao, James, Mwingereza mrefu mwenye mabega yaliyoinama, alikuwa akiwaleta wageni kumtazama akisukuma.

Kisha akaja Kalpana, akashika fimbo, na wiki ya kwanza tu akawa anaisukuma boti kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala.

Wageni wakahamia tanuri la kulia.

Hapo ndipo gere ilipomwingia Mardhiya, na ilimwingia yote, kichwa na miguu. Alianza kuitazama mikono ya Kalpana. Mikono mirefu, myembamba, kucha fupi, bangili mbili zilizovuliwa kila asubuhi kabla ya kuvaa glavu. Aliitazama ikipanga visahani, aliitazama ikishika kikombe cha chai kantini. Usiku akila na mumewe aliiona. "Leo umenuna tena," Abdulsamad akasema. "Kwani Kalpana kafanya nini?" "Hajafanya kitu!" akajibu Mardhiya kwa ukali, na kwa kweli hilo ndilo lililomuudhi. Angekuwa mwenye majivuno, angemchukia kwa raha. Lakini Kalpana alikuwa akimletea chapati za bizari, akimwita Bi Mardhiya, akimshukuru mbele za watu kwamba bila yeye angekuwa bado anahesabu biskuti.

Mwaka wa pili wao pamoja, James akatangaza kwamba kiwanda kitajenga chumba kipya cha matanuri, na chumba kitakuwa na msimamizi, mwanamke, atakayevaa ovaroli yenye kola ya buluu na kuwafundisha wengine. Atachaguliwa kabla ya Pasaka. Hakusema nani. Hakukuwa na haja, wagombea walikuwa wawili na wote walijua.

Mardhiya aliitaka kola ile. Tusifichane. Nyumbani Unguja alikuwa mwalimu, watoto wakisimama akiingia darasani. Hapa Landani hata dereva wa basi hakumwambia habari ya asubuhi. Aliitaka kwa roho yake yote.

Siku moja kantini, James alipita na karatasi ya majibu ya upimaji mkononi, akasema mbele ya kila mtu kwamba katika boti ya mwisho ya Kalpana zaidi ya nusu ya chipu zilikuwa hai. Nusu! Zama zile kiwanda kikipata robo, mabosi walitabasamu. Wanawake wakapiga makofi. Kalpana akaona haya, akamgeukia Mardhiya kana kwamba anamwomba ruhusa ya kufurahi.

Mardhiya akatabasamu. "Kalpana shoga, mikono yako hiyo haina mfano," akasema. "Hapa kiwandani hakuna wa kukufikia."

Akaishia hapo.

Mtu wa pwani hamsifu mwenzake akaishia hapo. Hata mtoto mdogo anajua kwamba sifa hufuatwa na Mashaallah, ili jicho la msifuji lisimdhuru msifiwa. Neno lilikuwa limefika ulimini, Mardhiya akalihisi, akalimeza na chai. Alilimeza makusudi. Na Kalpana, aliyezaliwa Mombasa na kulelewa ukuta mmoja na Waswahili, alilisubiri neno lile. Uso wake ulisubiri. Lilipokosa kuja, akainamisha macho, akaanza kukunja karatasi ya sandwichi yake kidogo kidogo.

Wiki iliyofuata chipu za Kalpana zikaanza kufa.

Zilikufa kifo cha ajabu. Zilipotoka tanurini zilikuwa nzima. Zilipopimwa mara ya kwanza, nzima. Lakini zilipotiwa umeme na kupashwa moto, kama desturi ya upimaji, zikaanza kuwehuka moja baada ya nyingine, zinawaka penye kuzima na kuzima penye kuwaka. James aliujua ugonjwa ule. Aliwahi kuwafundisha wote siku za mwanzo: adui mkubwa wa utando ule ni chumvi. Chembe yake isiyoonekana ikiingia, umeme ukipita inatembea ndani kwa ndani mpaka inaharibu kila kitu. Ndiyo maana mtu haruhusiwi kuingia na poda, wala wanja, wala vidole vilivyoshika viazi vya kukaanga. Hata kulia katika chumba cha tanuri marufuku. Ya kulia wanawake walidhani ni mzaha, mpaka walipomwona James hacheki.

Basi James akaisaka chumvi. Akapima maji, akapima asidi. Akabadilisha bomba zima la tanuri la kulia. Chipu zikafa. Akawahamisha, Kalpana kushoto, Mardhiya kulia. Vifo vikahama na Kalpana, tanuri la kulia likapona.

Mardhiya aliyaona yote. Ni mimi, akajisemea. Ni jicho langu. Na tusimpambe: woga ulikuja wa pili. Cha kwanza kilikuwa furaha, furaha ya moto iliyompanda mpaka masikioni, akalazimika kugeukia ukuta ili mtu asiione. Alisali Isha usiku ule mara mbili, kwa kuwa ya kwanza aliisali akifikiria kola ya buluu.

James akatoa hukumu ambayo haikuwa na ubaya moyoni mwake. Wako watu, alieleza, ambao jasho la mikono yao ni kali kuliko la wengine, linapenya hata glavu. Si kosa lao. Akampa Kalpana muda mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mambo yasipobadilika, atahamia idara ya kufungasha. Kalpana angerudi palepale alipotoka, ila safari hii badala ya biskuti ni maboksi ya chipu za wengine.

Kalpana akaanza kunawa. Alinawa kwa brashi ngumu na sabuni ya kiwanda, alinawa kabla ya kazi na katikati ya kazi, mpaka wenzake wakawa wanagonga mlango wa maliwato.

Mardhiya alikuja kuujua ukweli kwa bahati mbaya, kama si bahati nzuri. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo mapema, akawa ameinama nyuma ya makabati akifunga viatu. Kalpana akaingia, akadhani yuko peke yake. Akavuta pindo la sari lililochomekwa kiunoni. Pembeni lilikuwa na fundo. Akalifungua juu ya sinki, akamwaga kitu, akafungulia maji kikaondoka. Kisha akatoa kikaratasi mkobani, akatia kitu kipya katika pindo, akafunga fundo tena na kulichomeka. Akaligusa kwa vidole, mara tatu, midomo ikitembea. Akavaa ovaroli na glavu. Akiwa na glavu tayari, akapenyeza mkono katika mpasuo wa ovaroli, akaligusa tena.

Alipotoka, pembeni mwa sinki zilibaki chembe. Mardhiya akazigusa kwa kidole, akaonja. Chumvi ya mawe.

Alijua mara moja, mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, hiyo ndiyo chumvi James aliyoisaka katika maji na asidi; alikagua mikono na mifuko ya watu, lakini pindo la sari chini ya ovaroli halikumjia akilini, na lingemjiaje? Pili, alimjua adui ambaye chumvi ile ilifungwa kwa ajili yake. Mama mkwe alikuwa amemzungushia Kalpana chumvi kichwani, kama Wahindi wanavyofanya mtu akitiwa jicho, kisha akamfungia nyingine ya kutembea nayo. Jicho lenyewe lilikuwa limesimama pale sinkini, na viatu havijafungwa.

Angeweza kunyamaza. Ijumaa ilikuwa karibu. Na siku mbili nzima alinyamaza, akajiambia hayamhusu, kila mtu na mila zake. Siku ya tatu alimwona Kalpana kantini akijaribu kushika kikombe. Mikono ilikuwa imepasuka kwa ile brashi, vifundo vimechubuka, ngozi imekuwa nyekundu, na kwenye kidole gumba damu ilikuwa imekauka. Akakiweka kikombe chini bila kunywa.

Ile mikono. Mardhiya alikuwa ameitazama kwa muda mrefu kuliko mumewe Kalpana alivyowahi kuitazama. Aliijua kila kiungo. Aliona kama amevunjiwa kitu chake.

Akamfuata Kalpana chumba cha nguo. "Shoga," akasema, "itoe hiyo chumvi. Ndiyo inayoua chipu. Unaigusa na glavu, halafu unashika boti."

Kalpana akakishika kiuno kwa mikono miwili. "Nani amekwambia nina chumvi?"

"Nimeona."

"Na wewe ndiye unayetaka niitoe." Kalpana alikuwa amerudi nyuma mpaka akagonga makabati. "Kati ya watu wote, wewe! Mama mkwe aliniambia. Alisema, atakuja mwenyewe, kwa maneno matamu, akuambie uivue. Bi Mardhiya, mimi nimekukosea nini?"

"Lakini James mwenyewe alisema chumvi..."

"James alisema jasho. Niache."

Na kesho yake fundo lilikuwa kubwa zaidi. Chipu hazikupona hata moja.

Sasa hapo Mardhiya alikasirika, si kidogo. Amejitia kumsaidia mtu na mtu amemwona mchawi! Alikwenda mpaka mlangoni mwa James, mkono ukiwa hewani tayari kubisha. Neno moja tu, na Kalpana angeambiwa afungue pindo mbele ya mwanamume, angefukuzwa kwa kuingiza chumvi chumba cha tanuri, na Mardhiya angekuwa amesema kweli tupu. Alisimama pale. Kilichomrudisha si wema, nisimsingizie. Ni kwamba aliikumbuka kantini na ile chai, akajua kwamba ukweli wake ulikuwa na pengo. Kalpana hakukosea kumwogopa. Hiyo kola ya buluu, angeivaa vipi akijua hakumshinda mtu? Alitaka kushinda, jamani, hakutaka kuokota.

Ijumaa asubuhi alifika kabla ya wote. Akaenda kwenye bomba la maji ya kusuuzia visahani. Maji yale yalisafishwa mpaka hayana chembe ya chumvi wala chokaa wala ladha, na James alipenda kusema hakuna mto wala kisima duniani wenye maji kama yale. Akajaza beseni dogo la plastiki, akalibeba mpaka chumba cha nguo, akakaa kwenye benchi akingoja.

Kalpana alipoingia, Mardhiya alisimama mlangoni mwenzake asiweze kutoka.

"Mombasa mtu akitiwa jicho mlikuwa mnafanyaje?" akamwuliza.

Kalpana alikuwa akilitazama beseni. "Jirani yetu alikuwa akimwita aliyemtia," akasema taratibu. "Ananawa, halafu wanammwagia mgonjwa yale maji. Lakini lazima mwenyewe akubali kwamba alitia."

"Basi nakubali."

Mardhiya akapandisha mikono ya gauni. "Nilikuhusudu," akasema. "Siku ile kantini niliijua Mashaallah, ilikuwa hapa, nikaimeza. Makusudi. Chipu zako zilipoanza kufa nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya mbele ya Mungu, na kesho yake nikafurahi tena. Naitaka ile kola. Nikikuona unasukuma boti roho inaniuma hapa, kama mtu ananifinya. Hata mikono yako naionea wivu, Kalpana. Hata sasa ilivyopasuka." Machozi yakawa yanamtoka, hakuyafuta. "Haya, na chumvi pia inaua chipu. Hilo nalo kweli. Lakini najua huwezi kuniamini la pili kabla sijakwambia la kwanza."

Akanawa. Viganja, mikono mpaka viwikoni, uso, maji yakirudi besenini.

Kalpana akaja, akainama mbele ya benchi, akavuta upande wa sari ukateremka kichwani. Mardhiya akammwagia. Maji yalimpita utosini, yakamshuka shingoni mpaka ndani ya blauzi, naye akashtuka kwa baridi akasema, "Mama yangu wee!" Wote wawili wakacheka kicheko kibaya, kicheko cha watu wanaolia.

Kalpana akafungua fundo, akamwaga chumvi sinkini. Akaivua sari yote, akavaa suruali ya Mardhiya ya akiba, ikamfika katikati ya miguu. Wakaisuuza boti, wakatupa glavu za zamani, na Mardhiya akataka kuingia naye chumba cha tanuri.

"Ngoja nje kwanza," Kalpana akamwambia. "Bado unalia. Chozi lina chumvi."

James alishangaa kumwona Kalpana ana nywele mbichi lakini hakuuliza. Alipoombwa jaribio moja la mwisho alimwongezea wiki moja, akabadilisha bomba mara ya mwisho, akasubiri majibu. Majibu yalipokuja aliyasoma amesimama, akayasoma tena amekaa. Chipu zilikuwa hai. Akataka kujua ni nini kilichobadilika. "Mama mkwe wangu alikuwa ananipaka mafuta fulani mikononi," Kalpana akamwambia bila kupepesa. "Nimemkataza." James akaandika onyo kuhusu mafuta ya mikono na kulibandika ukutani, nalo lilikaa pale miaka.

Kola ya buluu akapewa Kalpana.

Mardhiya alipiga makofi. Akasema Mashaallah kwa sauti iliyosikika mpaka chumba cha asidi. Akarudi nyumbani, akavunja sahani moja wakati wa kuosha vyombo.

Jumatatu chumba kipya kilifunguliwa. Mardhiya alimkuta Kalpana amemtangulia katika chumba cha nguo, kola imenyooka shingoni, mikono imeanza kupona. Mbele yake kwenye benchi palikuwa na beseni la plastiki, limejaa.

"Nilishanawa," Mardhiya akasema.

"Najua. Gere imekwisha?"

Mardhiya akaitazama kola. Akaitazama ile mikono. Uongo ulimjia haraka, wa heshima, wenye tabasamu. Akauacha.

"Haijaisha."

"Basi nawa," Kalpana akasema. "Na kila Jumatatu utanawa, mpaka iishe." Akamshika mkono, akamkunjia mwenyewe mkono wa gauni, polepole, kwa mwendo uleule wa kusukuma boti. Mardhiya akauona, ukamuuma, akainama akanawa.